Minyaa Niliyoiacha Kahama

Kosa la kwanza nililifanya kabla sijatoka Songwa, nikiwa nimekaa kwenye kigoda ndani ya kitalu changu, barua mkononi. Niliombwa kitu kimoja, nikaamua kupeleka kingine. Mliponiuliza niliporudi kulikuwaje, niliwajibu kwamba safari ilikuwa ndefu na barabara mbovu. Ni kweli, lakini halikuwa jibu. Misimu kadhaa imepita na bado nawakwepa mkiuliza, kwa hiyo nawaandikia.

Barua ilitoka kwa Mama Shija, mwanamke wa kilimani, upande wa Rwamgasa huko Geita. Baadhi yenu mlimwona alipokuja hapa kwenye msiba wa dada yake. Ndiye yule aliyesimama muda mrefu nje ya kitalu akitazama, si miche yangu, bali uzio wa minyaa unaokizunguka. Alijifunza kuandika ukubwani, kwenye kisomo, na herufi zake ni kubwa, kila moja imesimama peke yake. Alisema yeye na wenzake kumi na mmoja wametenga ubavu wa kilima kuwa ngitili, kama wazee wetu wanavyotenga malisho: mifugo haiingii, nyasi zinakua, visiki vinachipua tena. Ila ngitili yao haikuwa ya ng'ombe. Walikata nyasi za kuezekea wakawauzia wachimbaji dhahabu, walitundika mizinga ya nyuki, waliokota kuni kavu tu. Kwa njia hiyo walikuwa wameacha kazi ya kutwanga mawe kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu. Mwisho aliandika: "Jumamosi wakubwa wa kijiji watapanda kuangalia mpaka wetu. Tunaomba matawi ya minyaa, mzigo mkubwa. Miti mingine usilete."

Mnanijua. Shule niliiacha mapema, na habari za miti nilijifundisha kwa kijitabu kisicho na kurasa za mwanzo. Mtu aliyejifunza peke yake anaogopa siku zote kwamba atagunduliwa. Nikajiambia: minyaa! Kitu ambacho hata kipofu anakata tawi, anachomeka ardhini, linaota. Nikifika na mzigo wa minyaa watasema huyu naye ni mtaalamu wa nini? Nikaamua kwamba hawajui wanachohitaji. Niliwachagulia miche ya milusina, mti unaorutubisha udongo, unaotoa kuni na majani ya kulisha mifugo. Niliijaza kwenye masanduku sita, nikaipanga kwa urefu, mifupi mbele na mirefu nyuma, nikafuta vumbi kila jani kwa kitambaa chenye maji.

Songwa hadi Shinyanga

Niliondoka Jumatatu juu ya lori la mbegu za pamba. Utingo, kijana mwenye kofia ya sufu wakati wa jua kali, alitaka kuweka magunia juu ya masanduku yangu. Nilimkatalia. Akanitazama.

"Kaka, una nini humo, mayai?"

"Miche."

"Basi wewe kaa juu ya magunia, miche ikae kwenye kiti cha mbele na dereva."

Watu walicheka, nami nilicheka kwa kuchelewa, kama kawaida yangu. Njia nzima nilisimama nikikinga upepo kwa shati. Tulipofika Shinyanga mjini nilikuwa nimeungua mgongo, lakini miche ilikuwa mizima, na nilijisikia mtu mwema. Sabuni ilikuwa haipatikani mwaka ule. Nilinawa kwa maji matupu, nikanunua chai isiyo na sukari, nikamwagia miche maji kabla sijainywa.

Kizuizini

Jumanne, kati ya Shinyanga na Kahama, lori jingine nililopanda lilisimamishwa kwenye kizuizi. Gogo lilikuwa limelazwa barabarani, na wanamgambo watano walikuwa wamekaa kivulini. Walikuwa wanatafuta bidhaa za magendo. Mmoja alipanda, akagonga sanduku langu kwa fimbo.

"Ya nani haya?"

"Yangu, afande."

"Umetoka wapi nayo?"

"Songwa."

Nilijibu harakaharaka, nikiona fahari ya kutoka mahali panapojulikana. Yule mtu akawaita wenzake. "Njooni! Huyu anatoka Songwa, amebeba udongo!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Songwa iko karibu na mgodi wa almasi. Mtu wa Songwa, na udongo umefungwa vizuri kwenye viriba vya nailoni, anaelekea kwenye dhahabu.

"Tuambie iko kwenye kiriba kipi," alisema mzee wao kwa upole kabisa. "Tusisumbuane, mwanangu. Wewe una safari na sisi tuna njaa."

"Ni miche ya miti, mzee. Nawapelekea akina mama wapande kilimani."

"Akina mama wa kilimani hawana miti?"

Walitandika turubai, wakapasua viriba kimoja kimoja, wakauchambua udongo kwa vidole kama mtu anayechagua mchele. Mizizi ilibaki uchi juani. Nitawaambia jambo la aibu: kilichoniuma zaidi mwanzoni ni kwamba walichanganya mirefu na mifupi. Halafu mmoja akainua chembe iliyong'aa. Wenzake wakamsogelea. Akaigeuzageuza juani, akaitia mdomoni, akaiuma. Akatema.

"Jiwe," alisema.

Lori zima lilipasuka kwa kicheko, hata mimi. Mzee wao akaniambia, "Haya, rudisha maua yako." Abiria walinisaidia kuyarudisha, udongo tukaufunga kwa vipande vya gunia. Tangu hapo hadi Kahama jina langu lilikuwa Bwana Udongo.

Kahama

Dizeli haikuwepo Kahama. Madereva walikuwa wamelala chini ya malori yao, na kila ukiuliza unaambiwa labda kesho. Nilikaa kwenye mgahawa wa mama mmoja, Bi Zuhura, karibu na stendi. Baba yake alikuja kutoka pwani na biashara ya nguo, mama yake ni mtu wa Tabora, na yeye anaipenda Kahama kwa kuilalamikia. Alinipa wali na maharage, juu yake mchuzi wa karanga.

"Ungepata wa nazi," alisema, "lakini nazi haijafika tangu mwezi wa mfungo. Hapa kila kitu kinatoka, hakuna kinachoingia. Hayo maua unauza?"

Nilimweleza. Nilimweleza kupita kiasi, kama nifanyavyo nikiwa na wasiwasi, mpaka nikamtolea barua. Aliisoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari, halafu akarudi mstari wa mwisho akausoma tena.

"Hapa pameandikwa miti mingine usilete."

"Nimeona, Bi Zuhura."

"Umeona, au umesoma?"

Nikaanza habari za rutuba na kuni. Alinisikiliza akipangusa meza. "Mwanangu, mwanamke mzima aliyejifunza kuandika uzeeni, karatasi yenyewe ya kuomba, hapotezi wino. Kila alichoandika kina sababu yake."

"Sababu hakuiandika."

"Na wewe hukumuuliza."

Jumatano ilipita bila dizeli. Miche ilianza kulala. Asubuhi ya Alhamisi nilimkuta Bi Zuhura nyuma ya nyumba akiosha mikono kwa mafuta ya taa. Alikuwa amekata matawi ya minyaa kutoka kwenye uzio wake, mzigo wa kumtosha mtu mzima kukumbatia, akaufunga kwa kamba ya katani. Utomvu wake mnaujua, unavyopofusha. Alikuwa amejifunga khanga mpaka chini ya macho.

"Yaache kivulini, kidonda cha tawi kikauke," alisema. "Hata wiki mbili hayafi. Hao watoto wako wanakufa leo."

Nilimshukuru. Nilimwambia najua, kumbe jambo la kidonda kukauka halikuwemo kwenye kijitabu changu.

Adhuhuri lori likapata dizeli. Lilikuwa limejaa mchele na watu. Dereva alitazama vitu vyangu, akanyoosha kidole.

"Nafasi iliyobaki ni ndogo. Masanduku au kuni zako, chagua."

Aliita kuni. Watu wa juu wakanitazama. Niliangalia masanduku, ambayo kwa macho yao yalikuwa kazi ya mtu anayejua kitu, nikaangalia ule mzigo wa vijiti vya kijani. Nikauegemeza mzigo wa minyaa kwenye ukuta wa stendi, nikapanda. Bi Zuhura alikuwa ndani akihudumia wateja. Sikumuaga. Niliogopa atatoka auone pale ukutani.

Kahama hadi Rwamgasa

Njia ile kila kaya ina uzio wa minyaa. Sikuwahi kuuona kabla, kwa jinsi ulivyo kila mahali. Siku ile nilihesabu kaya mpaka nikachoka, na kila moja ilinisuta. Lori lilikwama kwenye mfinyanzi mara mbili. Mara zote mbili tulisimama karibu na nyumba za watu, na ningeweza kwenda kupiga hodi na kuomba matawi. Niliona haya kuomba kitu nilichokitupa.

Mama aliyekaa kando yangu alinipa michembe, viazi vikavu vigumu kama vigae, tukatafuna. Mbele yetu kulikuwa na wachimbaji watatu wanaorudi kwenye maduara. Mmoja aliinama kwenye masanduku yangu.

"Daktari, hii ndiyo dawa ya kuvuta dhahabu?"

"Hapana. Ni miti ya kawaida."

"Usinifiche. Mti wa kawaida haupandi lori." Akachuma jani, akalitia mfukoni. Wenzake nao wakachuma. Nilipokataa, ndipo walipoamini zaidi. Mpaka tunashuka kulala njiani, habari ilikuwa imezunguka lori zima, na miche kadhaa ilikuwa imebaki vijiti.

Kilimani

Nilifika Ijumaa mchana. Mama Shija na wenzake walikuwa wakinisubiri barabarani tangu jana yake. Walinipokea kwa vigelegele na salamu ya Kisukuma.

"Mwadila, mwalimu!"

"Mwadila, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Pole na njia. Wabeja, wabeja sana kwa kuja."

Walijitwisha masanduku kabla sijawazuia. Mwanamke kijana kuliko wote, Kabula, alibeba mawili. Alikuwa na kikohozi cha vumbi la mawe, lakini aliniambia kwa furaha kwamba kimepungua tangu alipoacha kutwanga. Mama Shija alitazama nyuma yangu barabarani.

"Na minyaa inakuja na gari jingine?"

"Sikuleta minyaa, mama. Nimewaletea kitu bora zaidi."

Kabula alicheka, akidhani natania. Mama Shija hakucheka. Alishusha sanduku kichwani, akakaa juu ya jiwe, akanieleza taratibu, bila ukali, na afadhali angenitukana.

Kilimani kwao, alisema, mpaka ni minyaa iliyochomekwa. Kamba si mpaka, mawe si mpaka. Lakini minyaa ina mwenyewe. Ukichukua tawi kwenye uzio wa mtu ukachomeka kwako, siku moja atasema uzio wako ni mtoto wa uzio wake, basi na shamba ni lake. Ndiyo maana wanaume wa pale wote walikuwa wamewanyima, na ndiyo maana hawakutaka hata ya vijiji vya jirani, ambako wanaume hao wana ndugu. Aliona minyaa ya Songwa akajua: ile haina ndugu kilimani.

"Nilidhani utajua," alisema. "Wewe si unaishi ndani ya uzio?"

Na kesho yake pangekuwa na mtu mwingine anayeutaka ule ubavu: mfanyabiashara wa matimba, yale magogo ya kuzuia maduara yasiporomoke. Alitaka kukata miti yote iliyochipua.

Kwa kukata tamaa Mama Shija alikwenda kwa shemeji yake, nami nikamfuata. Yule bwana alikuwa akichonga mpini mlangoni.

"Shemeji, nipe matawi mawili matatu tu, ya kuonyesha."

"Uzio wangu ukizaa kwenu," alijibu bila kuinua kichwa, "msije mkalia siku nikija kuwaona wajukuu."

Tulirudi. Wanawake walipanda milusina yangu kwenye mstari wa mpaka mchana ule ule, wakiteka maji kwenye chemchemi na kupanda nayo kichwani. Kabula alishika mche mmoja, akanusa jani, akasema neno moja: "Mbuzi."

"Nitalinda mwenyewe," nilisema.

Jumamosi

Asubuhi nililinda kweli. Nilitembea kwenye mstari juu na chini, na nilivyokuwa nikitembea niliona umepinda kwenye ncha ya juu. Si sana. Nilifikiri wakubwa watakuja, wataona mstari uliopinda, watasema kazi ya ovyo. Nikachukua kamba na vigingi, nikaanza kung'oa miche ya juu na kuipanga upya. Nilikuwa nimeinama, nafsi imetulia kwa mara ya kwanza tangu Songwa.

Kelele za Kabula ndizo zilizoniinua. Mbuzi walikuwa wameingia kwa chini, usawa wa chemchemi. Milusina ni chakula chao kitamu. Niliisoma habari hiyo kwenye kijitabu, nikaihesabu kuwa sifa. Minyaa mbuzi haigusi. Tulipowafukuza, kutoka chemchemi hadi karibu na nilipokuwa, mstari ulikuwa vijiti vya urefu wa kidole.

Wakubwa walifika muda si mrefu, mwenyekiti wa kijiji mbele na daftari, mfanyabiashara wa matimba nyuma akijipepea kwa kofia.

"Mama Shija, mpaka wenu uko wapi?"

"Huu hapa."

Mwenyekiti alitazama chini, akasogeza kijiti kimoja kwa ncha ya kiatu. "Huu?"

"Mbuzi wamekula leo, mwenyekiti. Jana tulipanda."

"Jana," alisema mtu wa matimba. "Ngitili ya miaka mitatu, mpaka wa jana."

"Wewe nyamaza, nyasi za paa lako zimetoka hapa!" Mama Shija akamgeukia mwenyekiti. "Na wewe umekula asali ya kilima hiki. Ulituma bakuli mara ngapi?"

Watu walicheka, na mwenyekiti naye kidogo. "Nimekula, mama. Lakini naandika ninachokiona. Ningeona minyaa ningeandika minyaa."

Nilisema kosa ni langu. Nilisema kwa sauti, mbele ya wote, nikaeleza barua na masanduku. Mwenyekiti alinisikiliza kwa adabu, akaniuliza jina la kijiji changu, halafu akaandika yale aliyokuwa amekusudia kuandika. Kuanzia chemchemi kushuka, ambako mbuzi hawakufika, eneo la akina mama. Kuanzia chemchemi kupanda, matimba. Chini kulibaki mizinga michache na nyasi za kuwatosha wanawake watano au sita. Walikuwa kumi na wawili.

Hawakuzozana. Walikaa pale pale kwenye vijiti wakaanza kusemezana nani abaki na nani aondoke, na wenye watoto wachanga wakapewa kubaki. Kabula hakuwa na mtoto.

Kurudi

Jumatatu nilipita kwenye maduara kwenda kutafuta gari. Kabla hujaona watu unasikia vinu, chuma juu ya jiwe, kila mmoja kwa mdundo wake. Kabula alikuwa amekaa na wengine, khanga imefungwa puani, nywele nyeupe kwa vumbi. Aliniona, akasimamisha mchi.

"Mwalimu, unaondoka?"

"Naondoka, Kabula."

"Wabeja kwa miche," alisema, na hakuwa ananikejeli. Halafu alikohoa, akaendelea kutwanga, kwa sababu aliyekaa naye alikuwa anamsubiri.

Kahama nilifika siku ya tatu. Ule mzigo ulikuwa bado ukutani, kamba ya katani imelegea, matawi ya kijani kama siku ya kwanza. Mtu alikuwa amefunga mbuzi hapo. Mbuzi alikuwa amekula kamba, matawi hakuyagusa. Bi Zuhura alikuwa mlangoni. Alinitazama, akautazama ukuta, akaingia ndani kunipakulia wali. Niliula wote.

Mvua zilizofuata nilirudi kilimani na minyaa tu, mizigo minne, mmoja wa Bi Zuhura na mitatu ya uzio wa kitalu changu. Sasa uzio wa chini ya chemchemi unafika kiunoni. Juu yake ni visiki. Wanawake sita wanaishi kwa nyasi na asali, na sita wanatwanga mawe. Kabula bado anatwanga, na kikohozi kimerudi. Mimi nikipata barua naisoma kwa sauti mara mbili, nikiwa na swali nauliza, na napeleka kilichoandikwa.